Kipande cha Ukuta wa Baba

Mantapala, Nchelenge
14 Januari 2024

Kalenga, mudogo wangu wa tumbo moja,

KOMUNIKE. Familia ya Hippolyte, fundi wa kujenga, mukaaji wa kambi ya Mantapala, inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki, wa huku na wa ng'ambo ya ziwa, kifo cha shati nyeupe ya Bwana Hippolyte, shati ya misa na ya sikukuu, kilichotokea juma lililopita juu ya meza, kwa mukasi. Marehemu ameacha mujane, suruali nyeusi, na yatima wawili, soksi. Matanga iko kwetu. Wote walioijua wapate habari.

Bon. Muuaji ni mimi.

Unajua vile ninafanya kazi. Kadi ya mutu siifanyi mpaka aniletee kitu chake mwenyewe: kipande cha nguo aliyovaa, kifungo, hata mbegu ya shamba lake. Nakibandika ndani ya kadi, katikati ya maua, ili yule anayepokea ashike kitu kilichomushika mwenzake. Sasa mukubwa wa kwaya alitaka kadi ya kumupongeza bibi yake aliyezaa. Akaleta shati yake nyeupe ya zamani. Nikaiweka mezani. Mezani palikuwa na shati ingine nyeupe, imefuliwa, inangoja pasi. Bukari ya unga wa mahindi ilikuwa inaungua jikoni, Félix, mutoto wa mwisho, alikuwa anakula kolle yangu ya kubandikia (ni ya unga wa mihogo, yeye anaomba na chumvi), na mimi, mwanamuke wa miaka arobaini na minane, mama wa watoto, nikanyoosha mukono na kukata. Bibi ya mukubwa wa kwaya amebeba mugongo wa bwana yangu ndani ya kadi yake, na hajui.

Hippolyte naye hakujua. Jumapili akavaa, akachomeka vizuri. Ikaja ile nyimbo ya kuinua mikono. Kalenga, alipoinua, shati ikapanda, na tundu likafunguka nyuma, kubwa kama sahani. Mama wa nyuma yetu akasahau maneno ya nyimbo. Tulipofika pa mulango wetu Hippolyte akasema: "Orpha, leo Mungu ameona mugongo wangu."

Tuko wazima. Chouchou, mutoto wetu mukubwa, ndiye anaandika maneno ndani ya kadi, kwa sababu mwandiko wangu mimi unafanana na wa kuku aliyetembea kwenye wino. Jirani yetu Ba Mwelwa anakusalimia, anauliza kama umeoa ao bado unapika mwenyewe. Magamba ya samaki ya kutengenezea maua yameisha kabisa, uvuvi umefungwa mpaka mwezi wa tatu, kwa hiyo maua yangu sasa ni ya vitenge na ya karatasi ya sukari. Na simu yako iliyoanguka ziwani, bado inaongea na samaki?

Sasa neno lenyewe. Biro ya wakimbizi inaandika majina ya wale wanaotaka kurudi Kongo. Musafara utatoka kisha mvua kuisha. Tangu uliposimama juu ya kamio ya musafara mwaka jana, ukatuhubiria kwamba unatangulia Pweto kututengenezea mahali, Hippolyte anahesabu neno lako kama ngazi ya kupandia. Anataka kujua: nyumba ya baba iko namna gani? Ule ukuta alioujenga yeye mwenyewe akiwa kijana, siku zile alikuja kwetu na mwiko wa ujenzi akaondoka na mimi, unasimama? Sema kweli.

Mimi? Mimi niko tayari tu.

Yaya wako,
Orpha


Pweto, 17 Januari 2024

Yaya Orpha,

Salamu kwako, kwa shemeki Hippolyte na kwa watoto wote. Nimepokea habari ya kifo kwa huzuni. Niliijua marehemu tangu ujana wake. Nilikuwepo siku ile shemeki aliivaa mara ya kwanza, ubatizo wa Chouchou, na bado ilikuwa na alama za kukunjwa za dukani. Mwambie shemeki avumilie. Mwambie pia mukasi uwekwe mbali na wewe, kama vile tunaweka mbali na Félix.

Mimi niko muzima. Sijaoa. Mwambie Ba Mwelwa bukari yangu haiungui, asinichokoze. Hapa samaki ni wengi, upepo ni mwingi. Simu bado. Nikipata ingine utakuwa wa kwanza kusumbuliwa.

Nyumba iko. Ukuta wa shemeki unasimama. Paa inataka kazi kidogo. Muavokado wa baba ulizaa vizuri. Watu wa mutaa wanawasalimia.

Lakini usiharakishe, yaya. Musafara si moja. Ukikosa huu, utakuja mwengine. Kwanza maliza kazi za watu, usiache kadi za wateja nusu nusu.

Willy anangoja kwa mutumbwi, anapiga kelele kama mama wa soko. Naishia hapa.

Mudogo wako,
Kalenga


Mantapala, 3 Machi 2024

Mudogo wangu Kalenga,

Kwanza, pongezi kwa Willy. Alichukua barua yangu Jumatatu, na Ijumaa jibu lako likawa mukononi mwangu. Zamani kwenda Pweto na kurudi, na kuuza samaki katikati, alikuwa anatupotea mpaka tunaanza kumuombea. Ameweka injini mupya, ao ziwa limekuwa dogo? Nilimuuliza akasema, "Mama Orpha, upepo ulikuwa muzuri." Upepo wa kwenda na wa kurudi, wote muzuri. Willy ni mutu wa bahati.

Huku tuko kama sisimizi walioguswa na kijiti. Uvuvi umefunguliwa, kwa hiyo magamba yamerudi. Nilikwenda Kashikishi kwa wamama wanaopaa samaki, nikajaza ndoo ya magamba ya makobo, mazuri, mapana kama kucha ya kidole gumba. Ndani ya minibasi watu waliniachia kiti kizima, mimi na ndoo yangu. Heshima kubwa. Nimeyaosha kwa sabuni na majivu, nimeyapaka bluu ya kufulia na dawa ya zambarau, yamekaushwa juu ya bati. Pasaka inakuja. Kila mutu anataka kadi, na kila mutu anaitaka kesho. Nabandika kwa mukono moja, nakoroga kwa mukono mwengine. Juzi tulikula bukari, Hippolyte akatoa gamba la bluu mudomoni, akaliweka pembeni ya sahani, akasema, "Hili ni la nani, la harusi ao la ubatizo?"

Alikuja tena mwanaume moja wa ku Nchelenge, sitaji jina, anataka kadi ya kuomba musamaha kwa bibi yake. Nikamuuliza maswali yangu matatu: anapenda nini, anachukia nini, na mara ya mwisho alicheka ni juu ya nini. La kwanza alijibu. La pili akajibu haraka: "Mimi." La tatu akageuza kofia mukononi mpaka Chouchou akamupa maji. Sikumufanyia kadi. Nilimwambia arudi nyumbani, amuchekeshe kwanza, kisha aje aniambie ilikuwa juu ya nini. Amerudi jana. Anasema alianguka na baiskeli ndani ya mutaro mbele ya mulango. Sasa kadi yake iko na kipande cha tairi.

Hii ndiyo maisha yangu, Kalenga. Huniambii kwamba Pweto kuna watu wanaonunua kadi ya tairi. Ao wako?

Bon, tusipotee njia. Hippolyte ameandikisha majina yetu, na amekunja vitu vya kazi ndani ya gunia. Kila asubuhi analifungua, anaangalia timazi, analifunga tena. Mimi pia nimeanza kufunga. Nikifunga sufuria naikumbuka, naifungua, napika, naifunga tena. Nyumba yetu haikai chini.

Nakuomba kitu. Mwezi wa sita tutatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Nimefanya kadi za watu wote wa wilaya hii, bwana yangu sijamufanyia hata moja. Aibu. Nataka kumupa siku ya safari. Unitumie kipande cha ule ukuta wake. Kidogo tu, udongo wa kujaza kibiriti. Ukune kwa kisu pale chini ya dirisha, pale alipoandika jina langu na baba akamulipisha faini ya kuku.

Usikawie kama serikali.

Orpha


Pweto, 20 Aprili 2024

Yaya,

Nisamehe kukawia. Nilikuwa na malaria kidogo, kisha kazi.

Nimetuma ulichoomba. Kiko ndani ya kibiriti, Willy anakileta. Nimekuna chini ya dirisha.

Salamu kwa shemeki. Salamu kwa watoto. Mwambie Chouchou mujomba wake anamukumbuka.

Je, majina mukishaandikisha, mutu anaweza kuyatoa? Nauliza tu.

Kalenga


Mantapala, 28 Aprili 2024

Mudogo wangu,

Pole na malaria. Ulikunywa dawa, ao ulijifunika blanketi tu ukangoja, kama baba?

Kibiriti kimefika. Asante sana. Nilikifungua peke yangu, Hippolyte akiwa kazini. Nikamimina juu ya karatasi.

Kalenga, ukuta wa baba umekuwa mweupe.

Mimi nilikumbuka udongo mwekundu. Nilikumbuka mama anatugombeza juu ya soksi za shule, nyekundu mpaka magoti, na suruali ya harusi ya Hippolyte, aliyokuja nayo kanisani na alama ya ukuta kwenye goti. Lakini mimi ni mutu wa kusahau, wewe unanijua, mimi ni mwanamuke aliyekata shati ya bwana yake. Labda mvua imeuosha.

Kitu kingine. Nilipopaka kolle na kunyunyiza, nikaona ndani ya muchanga kitu kidogo kinaangaza. Nikakichukua na ncha ya sindano. Ni jicho la samaki mudogo, chisense. Kisha mukia moja. Kisha kichwa kizima, kimekauka vizuri, bado kinanuka. Ukuta wa baba unavua samaki sasa? Huku nilipokaa miaka hii yote najua mahali moja tu ambako chisense wanatandazwa juu ya muchanga mweupe namna ile, nayo haiko juu ya kilima cha Pweto.

Bon. Kadi nimeimaliza. Nimepanga muchanga wako kama ukuta, na dirisha, na maua ya magamba chini yake. Chouchou aliuliza aandike nini ndani, nikamwambia aache wazi kwanza. Ni nzuri. Pengine ni nzuri kupita zote nilizofanya, na hiyo inaniudhi.

Musafara utatoka tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita. Njia ya Chienge mpaka mupakani. Hippolyte anafurahi. Nafikiri anafurahi. Anapiga mluzi asubuhi.

Kama kuna neno, Kalenga, nafasi ya kuliandika ni kubwa. Karatasi haina mwisho.

Yaya wako,
Orpha


Mantapala, 26 Mei 2024

Kalenga,

Huandiki. Willy nikimuuliza anaangalia miguu yake, kama vile viatu vimemuita.

Sisi tunagawa vitu. Kamio inapokea mizigo kidogo kwa kila familia. Viti vimekwenda kwa watu wa kwaya. Ba Mwelwa nimemupa mwiko wangu mukubwa, kinu, na kuku wa madoadoa, yule mwenye kiburi. Alipokea, akasema, "Awe, Ba Orpha, awe," akakataa kwa kichwa, lakini mukono ulishika kuku. Kisha akaingia kwake na hakutoka mpaka jioni.

Wateja bado wanakuja. Nawaambia nasafiri. Wanasema, basi nifanyie kabla. Juzi amekuja binti wa kumufanyia mama yake, ameleta kitambaa cha kichwa. Nikamuuliza maswali, nikapangusa macho, nikajidai ni moshi.

Silali muzuri. Natembea kati ya mulango na mutungi wa maji. Hippolyte anasema, "Kaa." Nakaa. Kisha yeye ndiye anasimama.

Andika hata neno moja.

Orpha


Chisenga, 9 Juni 2024

Yaya Orpha,

Angalia mahali nilipoandika juu ya barua. Hiyo ndiyo kweli, na wewe ulishaijua tangu lile jicho la chisense.

Usipande kamio. Hili ndilo neno, mengine ni maelezo.

Nilifika Pweto mwaka jana, nikapanda kilima na begi langu. Nyumba ya baba haiko. Sisemi imeharibika. Haiko. Ukuta ulianguka wakati wa vita, na pale juu watu wamejenga nyumba ingine, ya matofali ya kuchoma, na paa mupya. Wana watoto. Mama wa pale alinipa kiti na maji, hakujua mimi ni nani, na nilipomwambia aliogopa mpaka maji yakamwagika. Wao pia walikimbia kwao, yaya. Walikuta kiwanja kitupu. Ningewaambia nini? Nilikunywa maji, nikashukuru. Muavokado uko. Hilo sikudanganya.

Nililala kwa watu wa kanisa, nikazunguka kwa wakubwa wa mutaa, kila mutu akanituma kwa mwengine. Kisha Willy akanikuta bandarini. Nikapanda naye. Niko huku kisiwani Chisenga, karibu nanyi, tangu wakati ule, nakausha chisense. Ni mimi nilimukataza kusema.

Ningerudi kwenu namna gani? Nilihutubia juu ya kamio! Watu walipiga vigelegele. Ba Mwelwa alinipa yai la kuchemsha la njiani. Nikasema nitaandika, nitasema kila kitu kiko sawa mpaka nipate mahali pengine pa kuwaweka, na hamutaharakisha. Kisha shemeki akaandikisha majina.

Ulipoomba udongo, nilitafuta udongo mwekundu kisiwa kizima. Hakuna. Hapa ni muchanga tu. Nikajaza kibiriti, nikasema, yaya yuko na macho, ataona. Labda nilitaka uone, ili nisiseme mimi.

Usipande. Umwambie shemeki anisamehe.

Kalenga


Mantapala, 16 Juni 2024

Mudogo wangu Kalenga,

Barua yako ilifika Alhamisi. Musafara ulitoka Jumatano. Injini ya Willy iliharibika katikati ya ziwa, siku ile moja ya maisha yake ambayo ningetaka awe na bahati. Alikuja kutoka Kashikishi anakimbia, ameshika bahasha juu ya kichwa, na alipofika alinikuta nimekaa juu ya godoro katikati ya uwanja wangu, napaa samaki. Akakaa chini, akalia. Nikampa kisu cha pili.

Sasa nikueleze vile ilivyokuwa, bila kupaka bluu.

Nilijua tangu Aprili. Si kwamba nilifikiri, nilijua. Niliposhika kile kichwa cha chisense nikajua hakuna ukuta, nikajua uko Chisenga, nikajua tukipanda tutafika mahali pasipo na kitu. Na sikumwambia Hippolyte. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Utaniuliza kwa nini. Juu ya kwamba sikutaka kwenda, Kalenga. Tangu mwanzo sikutaka. Niko na ndoo yangu ya magamba, niko na watu wanaokuja na vifungo vyao na kunieleza mambo wasiyomueleza padri. Kwa mara ya kwanza tangu tulipovuka mupaka, kuna kazi ambayo watu wanauliza jina langu kabla ya kuulizia bei. Na kila mutu aliponiuliza, nilijibu niko tayari tu. Ningeanzaje kusema, "Hippolyte, nyumba haiko"? Angesema nimetafuta sababu ya kubaki na mikasi yangu. Na ingekuwa kweli nusu. Mwanamuke wa namna gani anafurahi, hata kidogo tu, kusikia ukuta wa baba yake umeanguka? Basi nikafunga sufuria.

Jumatano asubuhi kamio zikaja. Hippolyte akavaa ile shati, marehemu, akasema kwa safari inatosha, mugongo utapata upepo. Godoro likapandishwa. Chouchou akapanda juu yake na Félix. Wakaanza kuita majina, na mimi nikashindwa. Nikatoa kadi chini ya kitenge changu nikamupa, hapo hapo, kati ya watu na mizigo. Nikasema, "Miaka ishirini na mitano. Kabla hujapanda, fungua. Kuna kitu lazima uone."

Hakufungua. Alisema, "Niliiona. Mwezi jana, chini ya godoro."

"Uliiona?"

"Muchanga wa Chisenga. Mimi ni fundi, Orpha. Ule ukuta niliukanda kwa miguu yangu mwenyewe, ungeniletea udongo wake gizani ningeujua."

"Na bado unapanda?"

"Kwa sababu yako! Kila siku unasema uko tayari. Nikasema, anajua nyumba haiko, na bado anataka kwao. Mimi ni nani nimukatalie?"

"Mimi nilisema hivyo kwa sababu yako! Wewe na timazi yako kila asubuhi!"

"Nilikuwa naiangalia kama itapata kutu, nipate sababu ya kubaki kununua ingine."

Kalenga, tulikuwa tunapiga kelele. Watu wote juu ya kamio wamenyamaza, wanasikiliza vizuri. Mutu wa majina akaita, "Familia ya Hippolyte!" mara ya pili, na Chouchou akainama kutoka juu, uso umechoka kabisa na sisi, akasema: "Papa, Mama, tunashuka ao tunapanda?"

Tukaangaliana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe Félix ndiye alisema yeye anataka kukojoa, na akashuka. Kisha godoro likashuka. Kisha sisi tukawa watu waliobaki, na kamio zikaondoka, na vumbi likatukaa juu ya nyusi.

Usifikiri tulicheka. Tulisimama pale kama watu waliokosa misa. Tulirudi nyumbani na nyumba haikuwa na kiti hata kimoja. Nikapita kwa Ba Mwelwa kuomba mwiko wangu, kwa siku ile tu. Alikuwa mulangoni, mwiko mukononi, macho mekundu. Alituangalia mustari mzima, mimi, Hippolyte, watoto, godoro. Akasema polepole, kama mutu anayepokea wageni wa mbali: "Mwaiseni, mukwai. Mwaiseni." Karibuni. Kisha akaanza kucheka na kulia pamoja, na hapo ndipo nikasikia harufu. Kuku wangu mwenye kiburi alikuwa jikoni, ameiva. Alimuchinja kwa huzuni, anasema, hakuweza kumuangalia. Tukamula sote. Alikuwa mugumu.

Siku ya pili ikaja barua yako, na ndipo nililia, maana kujua kwa kichwa cha chisense na kusoma kwa mwandiko wako si kitu kimoja. Nililia juu ya yule mama aliyemwaga maji. Nililia juu ya dirisha lenye jina langu. Mpaka juma hili nilikuwa mutu ambaye hajarudi kwao. Sasa ni mutu ambaye hana pa kurudi. Nilitaka kubaki, nimebaki, na bado usiku natafuta namna ya kulala. Gunia la Hippolyte liko pa mulango, limefungwa. Hakuna aliyelifungua na hakuna aliyeuliza. Tutaona.

Kwa hiyo usiniambie habari ya aibu. Katika familia hii tulikuwa watatu tunadanganyana kwa upendo, na aliyesema kweli ni muchanga. Hotuba yako ya kamio ilikuwa nzuri. Ba Mwelwa anasema yai alilokupa halikuwa la mukopo.

Tunafanya jubile ya ndoa yetu Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Willy anakuja kukuchukua, nimemwambia asirudi bila wewe, hata kwa kukufunga ndani ya gunia la chisense. Viti havijarudi vyote, utakaa chini. Hippolyte anasema kuna ukuta wa jiko unataka mutu wa pili wa kukanda udongo. Hakusema kingine juu yako. Unamujua, hiyo ni hotuba.

Ndani ya bahasha kuna kadi yako. Haina magamba, haina dirisha, ni haraka haraka. Nilimuuliza Hippolyte kama ana kitu chake cha kuweka. Akavua shati, akachukua mukasi wangu, akakata mwenyewe. Si pale nyuma penye tundu. Mbele, juu ya kifua, pale kila mutu ataona.

Yaya wako,
Orpha